Nguo Isiyokauka

Sogeeni karibu, mkeka haumi. Wewe mwenye karanga, ama zimeze ama zigawe, usinitafunie sikioni. Mlango uacheni wazi, nisije nikaambiwa baadaye kwamba mtu hakuona pa kutokea. Haya, nyamazeni. Hii si hadithi ya kusimulia kwa sauti kubwa, maana aliyetendwa ana masikio, na waliotenda ni sisi.

Palikuwa na nyumba kwetu Anlo, kwenye ule ukanda wa mchanga, bahari upande huu na wangwa wa chumvi upande ule. Ilikuwa nyumba ya ukoo wa Togbi Degbe, babu mkuu aliyekufa zamani na kuacha sifa ndefu kuliko kaburi lake. Mkubwa wa nyumba siku hizo alikuwa mjukuu wake, Bibi Dzatugbui, mwanamke mwembamba mwenye shingo iliyonyooka, ambaye akikohoa hata kuku hutoka uani. Hakuzaa. Kaka yake alipofariki alimchukua mtoto wake, Agbeko, akamlea akawa mwanamume mpole wa kulima vitunguu mchangani. Agbeko naye akamwoa Yawa, binti wa ng'ambo ya wangwa, mcheshi, mwenye mikono isiyokubali kukaa bure.

Yawa alipojifungua mtoto wake wa kwanza, msichana, wakamwita Dzigbodi. Ndipo Bibi Dzatugbui akafungua sanduku lake na kutoa nguo ya ukoo.

Nguo yenyewe ilikuwa ya kufumwa kwa mkono, vipande vyembamba vimeshonwa kimoja kwa kingine, buluu na nyeupe na uzi mwekundu ukipita kama mshipa. Kila mzaliwa wa kwanza wa ukoo ule alibebwa mgongoni kwa nguo ile mpaka atembee. Sifa yake ilijulikana mtaa mzima: mtoto akilia namna gani, mfunge kwa nguo ile, atanyamaza. Watu walikuja kutazama. Walioomba kuazima waliambiwa waende kwa babu zao wakadai nguo zao. Ilikuwa na sharti moja tu. Haifuliwi. Inaanikwa, inakung'utwa, inakunjwa, basi.

Na katikati ilikuwa na madoa mawili ya kahawia, ya duara, kama mahali palipowekwa vikombe.

Sasa Yawa alikuwa mgeni wa mambo hayo, na sharti lile hakuna aliyemwambia, kila mtu alidhani mwenzake amekwisha kusema. Nguo ilimnukia. Si uchafu wa kawaida, la. Ilinuka mafuta ya shea yaliyochacha, mafuta ya watu wa kaskazini, katika nyumba ambayo watu wake walijipaka nazi na kupikia mawese tangu dunia iumbwe. Alivumilia mpaka mtoto akafika mwezi wa nne, ndipo akachukua sabuni nyeusi, akaifua, akaisuuza, akaitundika uani.

Bibi Dzatugbui alitoka chumbani akaiona kwenye kamba.

"Umefanya nini, Yawa?"

"Nimeifua, Shangazi. Ilikuwa inanuka."

"Nani alikwambia inanuka?"

"Pua, Shangazi."

Agbeko alitaka kucheka, akageuza kicheko kuwa chafya. Lakini Bibi hakucheka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta kaburi limefukuliwa.

"Pua! Watu wa kwenu nao wana pua za kuchagua? Waliokuja hapa wakivutwa kwa kamba, leo wanatuambia nguo za wenyewe zinanuka!"

Neno hilo kwetu halisemwi. Mtu akikosana na mwenzake atamtukana sura, uvivu, hata mama yake, lakini hamwambii kwamba babu zake walinunuliwa. Yawa aliinamisha macho, akakusanya beseni lake. Agbeko alisema kwa sauti ya chini, "Shangazi, hilo lilikuwa kubwa." Bibi alikuwa amekwisha kugeukia kamba. Aliigusa nguo, akayafunika madoa yale mawili kwa viganja.

Ulikuwa msimu wa upepo mkavu, ule unaoshuka na vumbi kutoka kaskazini, unaopasua midomo na kukausha samaki kabla hawajawekwa chumvi. Kanga ya kawaida ilikauka kabla hujamaliza kutundika ya pili. Nguo ya ukoo nayo ilikauka, isipokuwa pale kwenye madoa. Jioni palikuwa pabichi. Kesho yake adhuhuri, jua likiwa limesimama utosini, palikuwa si pabichi tu, palikuwa panadondosha. Yawa alikinga kiganja, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi.

Hayakuwa maji. Yalikuwa maziwa.

Hakumwambia mtu. Angesema nini, na kwa nani, baada ya kuambiwa vile? Alimfunga mtoto kwa nguo ile kwa sababu aliamriwa, akaendelea na kazi.

Siku hiyohiyo mtoto akakataa titi.

Yawa alimpa la kulia, akageuza uso. Akampa la kushoto, akakaza midomo kama mzee anayekataa dawa. Matiti ya Yawa yakajaa, yakawaka moto, yakawa magumu kama mawe, na mtoto hataki. Majirani walikuja na ushauri wao. Mmoja akasema amekula pilipili. Mwingine akasema maziwa yake ni machungu kwa sababu ya roho yake. Walipoondoka, Yawa alisikia kicheko nje ya ua: "Mwanamke anakataliwa na mtoto wake mwenyewe! Mimi ningejificha." Na Yawa alijificha kweli. Aliacha kwenda kisimani wakati wenzake wapo.

Lakini lililomtisha halikuwa mtoto kukataa. Mtoto anayekataa titi hukonda, macho huingia ndani, ngozi hulegea. Dzigbodi alinenepa. Mashavu yakajaa, mapaja yakatoa mikunjo, na alipocheua, alicheua maziwa mazito yenye harufu ya shea.

Mizimu ya kwetu haina haja ya giza. Saa ya kuogopwa ni adhuhuri, kivuli kinapoingia chini ya nyayo na watu wote, wameshiba ugali na mchuzi wa bamia, wamelala kama waliokatwa miguu. Siku moja saa hiyo Yawa alijilaza mlangoni akajifanya amelala, mtoto akiwa ndani kwenye mkeka, juu ya nguo ile. Upepo ulikuwa umesimama. Kwanza alisikia harufu. Halafu akasikia mkeka ukibonyea, taratibu, kama unavyobonyea chini ya mtu mzima anayekaa kwa uangalifu asimwamshe mtoto, na baada ya hapo akasikia mlio ambao kila mama anaujua hata akiwa usingizini, ule mlio mdogo wa midomo inayovuta na koo linalomeza, unavuta na kumeza, unavuta na kumeza, na juu yake mtu anaimba kwa mdomo uliofumba, wimbo usio na maneno ya kwetu, sauti ya mwanamke asiye na haraka, mwanamke aliyeko kwake, na Yawa akataka kuinuka lakini mwili ukamkatalia, akataka kupiga kelele lakini ulimi ukalala, akabaki amekodoa macho kwenye mchanga wa kizingiti huku maziwa yake mwenyewe yakimtiririka tumboni bila mtu wa kuyanywa, mpaka wimbo ukakoma na mkeka ukapumua.

Alipoingia, mtoto alikuwa amelala mikono wazi. Mdomoni alikuwa na tone jeupe. Kando yake mkeka ulikuwa na bonde la mtu aliyeketi, nalo lilikuwa bado la moto.

"Agbeko," alisema jioni ile, akimshika mkono kwa nguvu. "Kuna mtu humu."

"Mtu gani?"

"Ananyonyesha mtoto wangu."

Agbeko hakumcheka. Alikuwa ameona mtoto anavyonenepa, na naye si mjinga. "Nyamaza basi, Shangazi asisikie. Atakuwa babu Degbe. Umefua nguo yake, amekasirika. Nitampa kinywaji."

Yawa akamtazama. "Babu Degbe ana maziwa?"

"Mimi najua mambo ya mizimu? Wazee wote wakikasirika wanapewa kinywaji."

Akaenda dukani, akanunua pombe kali ya Wazungu, ile ya chupa ya mraba. Asubuhi alivua viatu, akapiga goti kwenye mlango wa chumba, akaimwaga mchangani akimwita Togbi Degbe kwa majina yake yote ya sifa, tajiri wa pwani, mpokea wageni, mwenye mapipa yasiyokauka. Pombe iligusa mchanga ikachemka. Harufu ya shea iliinuka nzito kiasi kwamba Agbeko alitapika palepale, na ndani mtoto akapiga ukelele ambao haukuwa wa njaa wala wa tumbo. Ulikuwa ukelele wa mtu mzima. Tangu siku ile, mgeni wao hakungoja tena adhuhuri. Alikuja wakati wowote nyumba ikiwa kimya.

Yawa alijaribu kumbeba mtoto kwa kanga yake mwenyewe na kukimbilia kwao. Hakufika hata ukingo wa wangwa. Mtoto alilia mpaka sauti ikakatika na midomo ikawa ya buluu, akapata pumzi pale tu aliporudishwa na kulazwa juu ya nguo.

Ndipo akaenda kwa Mama Adzovi.

Huyu alikuwa mganga wa mizimu ya watu walionunuliwa. Ndiyo, kazi hiyo ipo kwetu. Wale watu wa kaskazini waliouzwa na kununuliwa, waliopelekwa ng'ambo ya bahari au waliobaki wakitwanga na kulea katika nyumba zetu, walikufa bila mtu wa kuwalilia, na wanarudi. Wanarudi kwa nani? Kwa waliowanunua. Mama Adzovi alivaa mkononi bangili ya madini matatu yaliyosokotwa, chuma na shaba nyekundu na shaba ya manjano, alama ya kuwatumikia.

"Ingia, mwanangu," alisema. "Umekuja kwa mlango wa nyuma? Wote mnakuja kwa mlango wa nyuma. Ule wa mbele umeshaota magugu, nafikiria kufugia mbuzi."

Yawa alimweleza yote, akamwonyesha mtoto ndani ya nguo. Mama Adzovi aliacha utani. Alimwangalia mtoto mdomoni, akapitisha kidole kwenye ufizi.

"Mmempa nini huyo mgeni?"

"Pombe kali ya chupa. Mume wangu aliimwaga mlangoni."

Mganga alifumba macho. "Mwanangu. Mbona mnammwagia bei yake?"

Yawa hakuelewa. Mama Adzovi hakueleza. Alimwomba amtoe mtoto, akachukua nguo peke yake, akaizungusha kifuani mwake na kuifunga fundo mgongoni. Alikaa. Mara mabega yake yakapanda, shingo ikalala upande kama ya mwanamke kijana, na ule wimbo wa mdomo uliofumba ukatoka puani mwake. Yawa akarudi nyuma mpaka ukutani. Mganga alianza kupapasa kifua chake, anavuta nguo, anavuta, kucha zinakwaruza, na sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Fungueni. Inabana. Fungueni, mtoto analia."

Yawa alilikata fundo kwa meno. Mama Adzovi alianguka mbele, akakaa muda mrefu akihema.

"Alifungwa kifua kwa nguo hii," alisema mwishowe. "Kwa nini, mimi sijui. Nyumbani kwenu yuko anayejua."

"Mfukuze, Mama. Nitakupa chochote."

"Nimfukuze aende wapi? Mtu anafukuzwa kwake? Huyo hakuja kuiba. Amekuja kumalizia kazi aliyokatizwa. Miaka yote hii alikuwa amelala katika harufu yake mwenyewe, anawabembeleza watoto wenu. Wewe umeiosha ile harufu, umemwamsha, na alipoamka hakukumbuka kubembeleza. Alikumbuka kunyonyesha." Aligusa tena ufizi wa mtoto. "Jino linakuja. Likitokeza, ataondoka. Lakini safari ile aliondoka peke yake. Safari hii hatakubali."

Mtoto alicheka, akashika bangili.

"Anayejua aseme alilofanyiwa," alisema Mama Adzovi. "Aseme mbele ya watu, maana alifanyiwa mbele ya watu. Asifiche hata uzi."

Siku hizo mtaa wetu ulikuwa unajiandaa kwa jambo kubwa. Aliyekalia kiti cha mtaa, yaani mkuu wetu, alikuwa amefariki, na wazee walikuwa wamemchagua Agbeko. Sheria ya kiti kile ilikuwa moja: hakikaliwi na mtu mwenye hata tone la damu ya kununuliwa. Siku ya kukalishwa, shangazi mkubwa wa ukoo husimama, amembeba mgongoni mzaliwa wa kwanza wa mkalia kiti, akaapa kwamba damu ni safi. Bibi Dzatugbui alikuwa ameingoja siku hiyo maisha yake yote.

Yawa alimkuta jikoni anakula. Akapiga magoti.

"Shangazi, yule aliye kwenye nguo amesema. Anasema inabana. Anasema afunguliwe."

Bakuli lilimponyoka Bibi, mchuzi ukamwagika miguuni, naye hakuupangusa.

"Nani mwingine amesikia?"

Hakuuliza ni nani anabanwa. Yawa alilitambua hilo. "Shangazi, unamjua!"

"Simjui. Nyamaza."

"Jino likitoka anamchukua mwanangu!"

"Watoto wote huota meno, Yawa. Siku ya kiti imefika mlangoni. Acha ipite, tutatafuta dawa."

"Kiti kikipata mtu, mwanangu atapata nini?"

Bibi aliinama akaokota vipande vya bakuli, polepole, kimoja kimoja. "Mumeo atakuwa mtu mkubwa," alisema bila kuinua uso. "Unataka watu wamnyooshee kidole? Unataka wamwambie..." Hakumaliza. Lile neno alilomtupia Yawa uani lilikuwa limemrudia mdomoni, akalimeza.

Asubuhi ya kiti, Yawa aliosha uso wa mtoto akaona kwenye ufizi wa chini alama nyeupe kama punje ya mchele iliyozama. Alimwonyesha Agbeko. Agbeko alikuwa amekwisha kuvaa nguo nzito za sherehe. Aliangalia, akaketi chini na uzito wake wote.

"Nikatae kiti?"

"Kukataa hakutamfungua. Ni Shangazi aseme."

"Siwezi kumlazimisha aliyenilea."

"Basi ungana nami kumwomba," Yawa alisema, na hata katika kuomba aliona aibu, kama mtu anayeomba chakula kwenye msiba.

Walimwomba. Bibi alimpokea mtoto, akamweka mgongoni, akaikaza nguo kifuani kwake, akatoka.

Uwanja ulijaa. Ngoma zilipigwa zikanyamaza. Jua lilikuwa limesimama utosini, na hakuna aliyekuwa na kivuli. Bibi Dzatugbui alisimama mbele ya kiti, shingo yake imenyooka, akafungua mdomo kuapa.

"Mimi, Dzatugbui, mwana wa mwana wa Togbi Degbe, nasema mbele yenu kwamba damu ya..."

Akasita. Watu walidhani anavuta pumzi. Yawa, aliyesimama kando, aliona nguo mgongoni kwa Bibi ikibadilika rangi, duara mbili zikipanuka, zikitiririka mpaka kwenye visigino. Bibi alisimulia baadaye alichokihisi. Alihisi kwamba mtoto haugusi tena mgongo wake. Kati ya mgongo wake na mtoto palikuwa na kifua cha mtu mwingine, cha moto, kilichojaa, kinachopiga moyo wa haraka, na mikono miwili ilikuwa imepita chini ya makwapa yake mwenyewe na kuanza kulifungua fundo la nguo, bila hasira, bila fujo, kama mama anayemshusha mwanawe kutoka mgongoni kwa mtu aliyembebea, na harufu ya shea ilikuwa imemzunguka kiasi kwamba hakuona tena uwanja wala watu, aliona mchanga wa pwani na mawimbi yakipasuka na mtumbwi unangoja.

"Mtoto amekuwa wa baridi!" Yawa alipiga kelele, kiganja chake mguuni kwa mtoto. "Shangazi, sema!"

Mzee mmoja akafoka, "Mtoeni huyo mwanamke!" Agbeko akamzuia kwa mkono. "Mwacheni mke wangu. Sema, Shangazi. Nakuomba."

Shingo ya Bibi Dzatugbui ikavunjika. Namaanisha iliinama, na haikunyooka tena mpaka alipokufa.

"Damu si safi," alisema. "Togbi Degbe alinunua mwanamke wa kaskazini. Mke wake wa ndoa, Mama Kokui, hakuzaa. Yule wa kaskazini akazaa mtoto wa kiume. Ndiye baba yangu. Sisi sote wa nyumba hii ni wa yule wa kununuliwa."

Uwanja ulinguruma. Wengine walicheka kwa mshangao, wengine wakatema mate. Mikono haikuacha kufungua fundo.

"Bado," alisema Yawa akilia. "Bado inabana, Shangazi. Mtoto hapumui vizuri. Sema yote."

"Nimesema!"

"Sema ya nguo."

Bibi aliangalia huku na huku kama mtu anayetafuta pa kujifunika. Halafu akasema, kwa sauti ndogo hivi kwamba watu waliacha kunong'ona ili wamsikie.

"Meli ilikuja kwa kujificha, maana Waingereza walikuwa wameshakataza. Mama Kokui alikuwa amechoka kumsikia mtoto akimlilia yule. Akamwambia mumewe amuuze, amwachie mtoto. Wanunuzi hawakutaka mwanamke anayenyonyesha. Kwa hiyo Mama Kokui alimfunga kifua kwa nguo, akakaza, maziwa yasionekane. Baba yangu alikuwa na jino moja. Wakamlipa Degbe kwa mapipa ya pombe kali." Agbeko alifunika uso. "Mama Kokui mwenyewe ndiye aliyenisimulia, uzeeni, akili zikiwa zimelegea. Alisema walipompakia kwenye mtumbwi, yeye alimfuata majini mpaka magotini. Watu wote ufukweni walidhani anakwenda kumuaga."

Jasho na maziwa vilimtiririka Bibi.

"Alikwenda kuivua nguo. Ilikuwa nguo nzuri. Alisema ni hasara kuiacha iende. Akaifungua kifuani kwake, akamwacha hivyo, mbele ya wanaume wote, maziwa yanamwagika baharini, akarudi nayo. Na mtoto alipolia usiku, wakamfunga kwa nguo ileile, bado mbichi, akasikia harufu ya mama yake akanyamaza. Nasi tukajisifu. Tukasema tuna nguo inayonyamazisha watoto."

Fundo lilifunguka. Nguo ilianguka chini, na Yawa alimdaka mtoto kabla hajafika mchangani. Alikuwa wa buluu. Yawa alimpiga mgongo, akampuliza usoni, akamwita jina lake, halafu Dzigbodi akavuta pumzi na kulia, kilio cha njaa cha mtoto wa kawaida. Palepale uwanjani, mbele ya wazee, Yawa alitoa titi. Mtoto alilikamata na kunyonya kama aliyetoka safari, na Yawa akaguta kwa maumivu, kwa sababu jino lilikuwa limetokeza.

Hakuna aliyeokota nguo. Ililala katikati ya uwanja ikikauka haraka, mpaka ikawa ngumu kama ngozi ya mbuzi. Mwishowe Bibi Dzatugbui alipiga magoti akaichukua. Watu walimpisha njia, si kwa heshima.

Kiti kilirithiwa na ukoo wa pili, ambao nao, wakati wanaapa, waliapa upesi sana. Agbeko alirithi matuta yake ya vitunguu na salamu fupi za wanaume wenzake. Bibi Dzatugbui alirithi kazi: kila adhuhuri mpaka siku yake ya mwisho alitia maji ya unga na mafuta ya shea kwenye pembe ya chumba, akasema "Mama, karibu," na akangoja kujibiwa, na hakujibiwa. Yawa alimwomba Mama Adzovi bangili ya madini matatu, akamvisha Dzigbodi. Dzigbodi ndiye mama yangu. Bangili ndiyo hii mnayoiona. Jina la yule mwanamke hakuna aliyelirithi, kwa sababu katika nyumba nzima hakuna aliyewahi kuliuliza.

Nguo bado ipo, nayo ni yako, Enyo mjukuu wangu. Usiangalie pembeni, tumbo lako kila mtu analiona. Nimeianika leo asubuhi, na huu upepo mkavu umepasua midomo ya kila mtu humu. Nenda kaiguse katikati.

Umeona.

Basi usiifue. Na mtoto wako akikataa titi, usikimbilie chupa wala mganga. Mweke mapajani, umsimulie, na uanzie pale mtumbwini.